Bomba la inchi tatu kwenye IST: hewa itaongezeka kweli?

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, niko Arusha. Fundi ameniambia nikitoa bomba la hewa la plastiki na boksi lake, nikaweka bomba la alumini la inchi tatu na chujio la koni, nitaongeza farasi 15 na gari litapanda milima vizuri. Rafiki yangu ana Forester ya turbo, alifanya hivyo na gari lake limebadilika kabisa. Je, na kwangu itasaidia? Na mbona wengine wanasema bomba kubwa linaua nguvu ya chini?*

Marahaba, ndugu yangu. Kwa injini yako, bomba la inchi tatu peke yake halitakupa hata farasi mmoja. Likifungwa vibaya linaweza kukuharibia injini. Farasi 15 ni hadithi, na naomba usitoe pesa yako kwa ajili ya hadithi hiyo. Swali lako lakini ni zuri na lina hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuifanya. Tuifanye pamoja, maana ukishaielewa hakuna atakayekudanganya tena kuhusu mabomba.

Bomba halisukumi hewa. Pistoni inaposhuka inaacha nafasi, na hewa ya nje inaingia kuijaza kwa sababu huko nje shinikizo ni kubwa kuliko ndani. Kwa hiyo kiasi cha hewa kinapangwa na ujazo wa injini na kasi inayozunguka. Kazi ya bomba ni moja tu: kutozuia. Swali la kujiuliza ni hili: bomba nililo nalo linazuia kiasi gani?

1NZ-FE ina sentimita za ujazo 1,497, yaani lita moja na nusu. Ni injini ya mipigo minne, hivyo kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, ambako injini hii inatoa nguvu yake ya juu ya takriban farasi 109, inavuta lita 1.497 mara 3,000 kwa dakika. Hizo ni lita 4,490 kwa dakika, au lita 75 kwa sekunde. Silinda hazijai kikamilifu kwa kasi hiyo, kwa hiyo tuchukue lita 65 kwa sekunde. Huo ndio mwisho wa mahitaji ya gari lako, na ni pale tu unapokanyaga mpaka sakafuni na mshale wa resi umefika juu.

Sasa chukua kalipa, upime bomba lako kwa ndani. Tuseme ni milimita 60. Eneo lake ni sentimita za mraba 28, na lita 65 zikipita humo kila sekunde, hewa inakwenda kwa mita 23 kwa sekunde. Kwenye bomba la inchi tatu, yaani milimita 76, eneo linapanda hadi sentimita za mraba 45 na kasi inashuka hadi mita 14 kwa sekunde. Hewa inayokwenda mita 23 kwa sekunde ina nguvu ya mwendo sawa na paskali (kipimo cha shinikizo) 317 hivi, hata nikihesabu kwa hewa nzito ya Dar es Salaam. Msuguano wa nusu mita ya bomba pamoja na kona mbili laini unakula sehemu tu ya hizo. Mimi nikijumlisha, nikaongeza na mikunjo ya ule mpira wa kiwandani, napata paskali 250 hadi 300. Shinikizo la hewa usawa wa bahari ni paskali 101,325. Gawanya: bomba lako linakunyima asilimia 0.3 ya hewa. Ukiweka la inchi tatu, hasara inashuka hadi karibu asilimia 0.1. Tofauti ni asilimia 0.2, na asilimia 0.2 ya farasi 109 ni moja ya tano ya farasi mmoja. Hakuna dereva wa kuihisi hiyo.

Wanaouza mabomba wana hoja moja iliyo sahihi: kipenyo kina nguvu kubwa sana katika hesabu hii. Kwa kiasi kilekile cha hewa, ukipunguza kipenyo kwa nusu, hasara ya msuguano inapanda mara 32 hivi. Kwa hiyo bomba jembamba mno ni balaa kweli. Lakini hesabu hiyo hiyo ukiisoma kwa upande wa pili, unaona kwamba ukishafika kwenye kipenyo kinachotosha, kila milimita unayoongeza inakuletea faida inayokaribia sifuri. Wahandisi wa Toyota walishafika hapo kabla gari lako halijatoka kiwandani.

Na hiyo ni kwa mguu uliofika sakafuni. Ukiwa unaendesha mjini, au unapanda mlima ukiwa umekanyaga nusu, kizuizi kikubwa ni ile bamba ya throto, inayofunguka unapokanyaga mafuta. Ndiyo kazi yake: kuibana hewa. Nyuma ya throto iliyofunguka kidogo shinikizo linaweza kuwa chini ya nusu ya lile la nje, makumi ya maelfu ya paskali yamepotea hapo kwa makusudi. Kuhangaikia paskali 200 mbele yake ni sawa na kupanua barabara iwe njia nne wakati daraja lililo mbele ni la njia moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo fundi wako hakulitaja, na ndilo linalonifanya nikuandikie kwa kirefu. Fungua boneti, tazama penye mdomo wa boksi la chujio, hewa inapotoka kuelekea kwenye bomba. Utaona kidude cheusi chenye soketi ya nyaya tano kimefungwa kwa skurubu mbili. Hiyo ndiyo sensa ya hewa. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kadiri inavyopita kwa kasi ndivyo umeme mwingi unavyohitajika kuurudisha kwenye joto lake. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma umeme huo na kuugeuza kuwa gramu za hewa kwa sekunde, kisha inaamua mafuta ya kumwaga.

Tatizo liko hapa: waya ule unaona kasi ya hewa mahali pale ulipo, hauoni hewa yote. Jedwali lililomo ndani ya kontroli boksi limeandikwa kwa nyumba ile ile ya kiwandani, kwa kipenyo kile kile. Ukiihamishia sensa kwenye bomba pana, kiasi kilekile cha hewa kitapita polepole zaidi. Kwa mfano wetu, 28 gawanya kwa 45 ni 0.62. Kontroli boksi itaamini injini imepata asilimia 62 tu ya hewa iliyoingia kweli, na itamwaga mafuta ya hiyo 62.

Ukiwa unaendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi itagundua kwamba moto una hewa nyingi na mafuta kidogo, na kontroli boksi itajitahidi kuongeza. Lakini uwezo wake wa kusahihisha una mpaka, na pengo kama hilo linauvuka. Taa ya injini itawaka, na fundi akichomeka mashine atasoma P0171, msimbo unaosema mafuta ni pungufu. Hiyo ndiyo afadhali. Hatari zaidi ni unapokanyaga mpaka mwisho. Hapo kontroli boksi haiisikilizi tena sensa ya oksijeni kwa karibu, inafuata jedwali. Jedwali linaona hewa kidogo, kwa hiyo linadhani injini haina mzigo mkubwa, na kwa injini isiyo na mzigo linawasha cheche mapema zaidi. Mafuta pungufu, cheche ya mapema, mlima mbele yako na watu wanne ndani ya gari: injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda. Wewe utasikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, au hutasikia kabisa kwa sababu chujio la wazi linanguruma kuliko yote. Pistoni ndizo zinazolipa.

Ndiyo maana sheria yangu kwa gari lolote lenye sensa ya hewa ni kwamba kipenyo cha pale sensa ilipo hakiguswi bila kuandika upya jedwali la kontroli boksi. Kuna magari yasiyotumia sensa hii, kama Honda nyingi za miaka ya tisini, ambayo hupima shinikizo ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na joto la hewa, kisha yanakokotoa. Hayo yanavumilia mabadiliko ya bomba bila kelele. Lako si mojawapo.

Tuje kwenye koni. Boksi lako la plastiki lina mdomo unaovuta hewa ya baridi kutoka mbele ya gari. Koni iliyo wazi inavuta hewa iliyozunguka injini. Hewa ya nyuzi 60 ina uzito mdogo kwa asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 yenye ujazo uleule. Linganisha hiyo 9 na ile 0.2 uliyokwenda kuitafuta. Tena hewa ya moto inaleta kugonga mapema. Alumini nayo inapata moto upesi chini ya boneti, wakati plastiki, ambayo vijana wengi wanaidharau, haipitishi joto kirahisi.

Nakuelewa unaposema gari linachoka kwenye milima. Lakini sababu kubwa umeikalia: Arusha iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni kilopaskali 86 hivi badala ya 101. Kabla hujagusa chochote, injini yako imeshapoteza karibu asilimia 15 ya hewa, zaidi ya farasi 15. Hakuna bomba linalorudisha hizo, kwa sababu hazikupotelea kwenye bomba. Anayezirudisha ni turbo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, au kushuka Tanga.

Kuhusu bomba kubwa kuua nguvu ya chini, yaani nguvu kwenye mizunguko ya chini, wanaosema hivyo wameshika ukweli lakini wameuweka mahali pasipo pake. Bomba lililo kabla ya throto halina athari kubwa huko chini. Kipenyo kinachoamua tabia ya injini ni kile cha baada ya throto: mikono ya manifoldi na milango ya kichwa cha silinda, kutoka kwenye tangi la manifoldi hadi kwenye valvu. Mimi sehemu hii naipenda kuliko zote katika injini.

Kwenye bomba la mbele hewa ya silinda zote nne inapokezana, mtiririko unakaribia kuwa wa sare. Kwenye mkono wa silinda moja, hewa inasimama, inakimbia, inasimama tena, kila mizunguko miwili. Pistoni ya 1NZ inasafiri milimita 84.7, hivyo kwenye mizunguko 6,000 wastani wa mwendo wake ni karibu mita 17 kwa sekunde. Ikiwa eneo la mkono ni robo ya eneo la pistoni, hewa humo inakwenda mara nne ya hapo, mita 68 kwa sekunde kwa wastani, na kupita mia pale pistoni inapokuwa katikati ya safari. Hewa yenye kasi hiyo haisimami ghafla. Pistoni ikifika chini na kuanza kupanda, valvu bado imefunguka kidogo, na hewa inaendelea kujisukuma ndani kwa mwendo wake yenyewe. Silinda inapata hewa ya nyongeza bila turbo. Ukiupanua mkono, kasi inapungua na nyongeza hiyo inapotea kwenye mizunguko ya chini; hewa inaweza hata kurudishwa nje kabla valvu haijafunga. Ukiubana mno, unapata nguvu chini na kukosa pumzi juu. Urefu nao una kazi yake, kwa sababu ya mawimbi ya shinikizo yanayokwenda na kurudi ndani ya mkono.

Toyota wenyewe waliwahi kulitatua hili mbele ya macho yetu. Injini ya 4A-GE ya valvu 16, ile ya Corolla AE86, ilikuwa na milango mikubwa. Ili isife chini, waliweka mfumo unaoitwa T-VIS: kila silinda ina njia mbili za hewa, na kwenye mizunguko ya chini njia moja inafungwa kwa kibamba ili hewa yote ipite kwa kasi kwenye ile iliyobaki. Baadaye, kwenye toleo la mwaka 1989, walikitoa kibamba na milango yenyewe ikafanywa midogo. Uwiano wa mgandamizo ulipanda kutoka 9.4 hadi 10.3, na nguvu ikafika farasi 140 kwa vipimo vya Japani, zaidi ya zile zilizotangulia. Mgandamizo ulichangia, bila shaka. Lakini mlango mdogo haukuizuia injini ile kupata nguvu zaidi, na ilikuwa inazunguka kuliko yako.

Rafiki yako wa Forester hadanganyi. Tumia hesabu ileile. Kila farasi mmoja wa injini ya petroli anahitaji takriban gramu 0.7 hadi 0.8 za hewa kwa sekunde. Injini ya turbo iliyofikishwa farasi 300 inavuta karibu lita 200 kwa sekunde kabla ya turbo. Zipitishe kwenye bomba la milimita 60: mita 71 kwa sekunde, na nguvu ya mwendo paskali 3,000, karibu mara kumi ya gari lako. Hapo kona kali moja tu ya kuchomelea inakula asilimia 3 ya shinikizo, na turbo inalazimika kuzunguka zaidi kuifidia, hewa ikitoka na joto zaidi. Kwake inchi tatu ina maana. Tena muulize kama waliandika upya kontroli boksi na kupandisha bust, yaani shinikizo la turbo. Nina hakika sehemu kubwa ya mabadiliko anayoyahisi imetoka huko.

Ukitaka kuona kipenyo kikitawala injini kweli, tazama mbio za magari. Magari ya turbo ya Ubingwa wa Dunia wa Rali yanawekewa koo la kubana hewa kabla ya turbo. Mwaka 1995 lilikuwa milimita 34. Hewa ikifika kasi ya sauti kwenye koo hilo, haizidi tena, uvute utakavyovuta. Zinapita takriban gramu 215 kwa sekunde usawa wa bahari, basi. Mwaka huo timu ya Toyota ilikamatwa kwenye mashindano ya Catalunya, Hispania, na kifaa kilichofungwa kwa ustadi kikilisogeza koo hilo milimita 5 ili hewa ipite pembeni. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, iliwafungia miezi 12. Milimita 5 tu, lakini mahali pembamba kuliko pote. Na magari yaliporudi Safari Rally mwaka 2021, kule Naivasha, na makoo ya milimita 36, turbo hazikuyaokoa na mwinuko, kwa kuwa koo lililojaa linapitisha hewa kulingana na shinikizo la nje, nalo huko ni kilopaskali 81 hivi.

Kabla hujatumia shilingi moja, pima. Nunua mita nne za mpira mwangavu, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia levo. Kwenye bomba lako, kati ya sensa na throto, kuna kimpira kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu. Kichomoe upande wa bomba, kizibe, na pale kilipokuwa chomeka mpira wako, ukitumia kiungio kinachoenea bila kuvujisha. Upitishe dirishani hadi ndani ya gari, uukunje uwe na umbo la U lenye mikono ya sentimita 60, uufunge kwenye ubao wenye rula. Tia maji ya rangi nusu. Katikati ya njia weka chupa tupu yenye kifuniko cha matundu mawili, ili maji yakivutwa yaishie humo yasiende kwenye injini. Tafuta barabara tupu, mwenzako asome wewe ukiendesha, gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho, mshale ufike 6,000.

Kila sentimita 10 za tofauti kati ya mikono miwili ni karibu asilimia moja ya hewa. Kati ya tofauti yote utakayosoma, sentimita 3 hivi ni mwendo wa hewa wenyewe, si hasara. Rudia ukiwa umetoa chujio kwa jaribio hilo moja tu, mahali pasipo na vumbi. Tofauti ikipungua sana, tatizo ni chujio, na jipya litakugharimu sehemu ndogo ya bei ya bomba lile. Isipopungua, angalia mdomo wa boksi mbele. Mara nyingi nakuta majani, mfuko wa plastiki, au kiota cha panya.

Ukimaliza, rudisha kimpira cha kifuniko cha valvu mahali pake, kaza klampu zote mbili za bomba, kisha pangusa ndani ya bomba kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, chujio halikai sawasawa au kuna ufa baada yake. Hilo ndilo la kurekebisha wiki hii.